Maswali ya Wasomaji: Nikikamatwa Mkono Sichomoki

SWALI: Najifunza Wing Chun, aina ya kung fu ya Kichina, hapa Moshi, mwezi wa tatu sasa. Mwenzangu akinikamata kifundo cha mkono navuta kwa nguvu zote, wapi! Nakosea nini?
Msomaji, Majengo

JIBU: Unavuta kwa bega, tena kuelekea nyuma. Aliyekukamata ana vidole vinne upande mmoja na gumba peke yake upande wa pili. Mlango uko pale gumba linapokutana na vidole. Geuza mkono ili upande mwembamba wa kifundo uelekee mwanya huo, songa nusu hatua mbele, kisha peleka kiwiko kumwelekea yeye. Ndiyo, mbele. Mkono unakuwa wenzo na gumba linaachia. Ukirudi nyuma mnashindana uzito tu, na mzito ndiye atakayeshinda.

Kanuni yenyewe ni mstari wa kati, unaoshuka toka puani hadi kitovuni. Viwiko vikae mbele ya mbavu, nafasi ya ngumi moja hivi. Vikichanuka kama mbawa za kuku, kifua kiko wazi. Ngumi hutoka wima kwenye mstari huohuo, ikigonga kwa vifundo vitatu vya chini vya vidole, kiwiko kikiwa nyuma yake.

Fanyeni polepole, mara 20 kila mkono, mshikaji akiongeza nguvu kidogokidogo. Akikubana hafifu ili kukufurahisha, hujajifunza kitu.

Na kibaka wa stendi akichomoa kisu, mwachie simu.