Barua kwa mwanangu: siku ambazo kalamu haitembei

Kihesa, Iringa

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza hivi: "Mama, nifanyeje siku ambazo hakuna kinachokuja? Mchezo wangu wa shamba la miti nimekaa nao wiki tatu, nina onyesho moja tu, na kila asubuhi nalifuta naanza upya. Au niuache, niandike habari za Mkwawa?" Onyesho lenyewe umenitumia, pamoja na mpango wa mchezo mzima, nami nimelisoma kwa sauti. Nakujibu kwa barua kwa sababu jambo hili linataka nafasi.

Umesema mara kadhaa kwamba huna msukumo. Msukumo upo, sikatai, ila huwa unamkuta mtu tayari yumo kazini. Mwandishi wa tamthiliya hukwama kwa sababu nyingi, lakini moja inazishinda zote: ameweka watu wawili jukwaani na hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake. Watu wa namna hiyo hata ukeshe nao hawatasema neno, maana hawana haja ya kusema. Kwa hiyo kabla hujaandika onyesho lolote, jaza maneno haya pembeni ya ukurasa: fulani anataka nini, anakitaka kwa nani, kabla ya lini, na akikosa itakuwaje. Ukishindwa kujaza sehemu mojawapo, usianze majibizano. Hapo ndipo ulipokwama, na kipaji chako hakihusiki.

Tazama onyesho lako linavyoanza:

BABA: Kama unavyojua, mke wangu, shamba hili la ekari 5 tulilipanda miaka 9 iliyopita ili litusaidie kuwasomesha watoto wetu ambao sasa wamefika chuo.
MAMA: Ndiyo, mume wangu, nakumbuka vizuri. Misindano ilikuwa midogo kama vidole.

Mume gani wa Mufindi anaongea na mkewe hivyo mezani? Wote wawili wanajua ekari ni ngapi na watoto wako wapi. Baba huyu anaongea na sisi tuliokaa kwenye mabenchi, na mwigizaji utakayempa maneno haya hatajua amtazame nani. Ndiyo maana mstari wa tatu ulikushinda: mama hana la kujibu, kwani hajaombwa kitu wala hajanyimwa. Kila asubuhi ulikuwa unabadilisha maneno ya mstari wa kwanza, na mlango ulikuwa umefungwa kwingine kabisa.

Ukurasa wa tatu wa mpango wako umeficha jambo zito: baba ameshapokea malipo ya awali ya mnunuzi wa miti, na hajamwambia mtu. Lilete mwanzo, lakini mtu yeyote asilitamke. Tafuta kitu kitakacholionyesha. Tuseme mnunuzi amepita shambani na kopo la rangi nyekundu akaweka alama kwenye miti. Mama anarudi kutoka shambani, kiganja chekundu. Rangi ya mafuta huchukua saa kadhaa kukauka, kwa hiyo ikiwa bado inanata, ukumbi mzima utajua kwamba imepakwa leo hii. Baba yuko kwenye sahani.

MAMA: (ananyoosha kiganja) Bado mbichi.
BABA: Nawa, tule.
MAMA: Nimehesabu hadi mti wa 40, nikaacha.
BABA: Ugali unapoa.
MAMA: Anakuja lini?
BABA: (amemega tonge, halipeleki mdomoni) Jumamosi.

Yanayosemwa hapa ni maneno 15. Baba hajasema ameuza, lakini tumejua kwamba ameuza, kwamba alifanya kwa siri, na kwamba kuna siku inayosubiriwa. Mama naye amepata haja: Jumamosi isifike. Kuhusu hasara, usieleze chochote. Msindano wa miaka 9 bado mwembamba kwa mbao nzuri, na watu wa kwetu watakaokuja kutazama wanalijua hilo kuliko wewe na mimi. Halafu usimruhusu mama anawe. Mkono ubaki mwekundu hadi kikao cha ukoo, na hapo kila atakayempa mkono wa pole ataondoka na alama.

Kitu cha jukwaani ukichague hivyo daima: kiwe rahisi kupatikana na kionekane hadi benchi la nyuma. Hati ya mauziano ni karatasi tu kwa aliyekaa mbali, lakini kiganja chekundu kinaonekana hata mwanga ukiwa wa dirishani. Kwenye maonyesho msitumie rangi ya mafuta yenyewe. Haitoki ila kwa mafuta ya taa, na mwigizaji ataumia ngozi. Kata kipande cha rangi ya mdomo nyekundu, kiponde kwenye kijiko kimoja cha mafuta mazito ya kujipaka. Inang'aa kama mbichi, na inatoka kwa sabuni.

Sasa kuhusu kila siku. Una kazi, kwa hiyo saa yako ya kuandika ni alfajiri, kuanzia saa 11 hadi saa 12 na nusu, kabla mtu hajakuuliza kitu. Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba vidole hufa ganzi. Jifunike blanketi, chemsha chai usiku uiweke kwenye chupa ili usipoteze robo saa ukihangaika na jiko. Rasimu ya kwanza andika kwa mkono kwenye daftari la kaunta, la kwaya mbili. Kwenye kompyuta kufuta ni rahisi mno, na wewe tatizo lako la sasa ni kufuta. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uache wazi kwa masahihisho. Neno likikukera, lipige mstari mmoja usonge mbele. Mara nyingi utalirudia mwezi ujao ukiona lilikuwa sawa.

Kipimo cha siku kisiwe kurasa. Kiwe majibizano 20, yaani mara 20 ambazo mdomo unabadilika kutoka mtu huyu kwenda yule. Ukifanya siku 5 kwa wiki unapata majibizano 100, ambayo ni onyesho moja la kutosha. Mchezo wa maonyesho 12 unachukua wiki 12 kwa rasimu ya kwanza. Ni mwendo wa mtu mwenye kazi na kodi ya kulipa, na unafika. Ukifikisha 20 na bado una mchemko, acha. Simama katikati, mahali ambapo jibu linalofuata unalijua, uliandike pembeni kwa neno moja au mawili. Kesho hutaanza na karatasi tupu, utaanza kwa kumalizia sentensi. Asubuhi usisome tangu mwanzo. Soma ukurasa wa mwisho tu. Anayesoma tangu mwanzo kila siku huishia kusahihisha onyesho la kwanza, na ndivyo lilivyokukuta: umelisugua hadi limepoteza ladha, na maonyesho 11 yaliyobaki hayajazaliwa.

Kuna siku utakaa saa nzima na majibizano hayafiki matano. Siku hiyo mwache mhusika mmoja aandike barua ya lawama kwa mwenzake, ukurasa mzima, kwa hasira, bila kujali jukwaa. Haitaingia kwenye mchezo, lakini ndani yake kutakuwa na sentensi moja ambayo hukujua kwamba anaibeba moyoni. Mara nyingi hiyo ndiyo haja yake ya kweli. Na kama ni mwili umechoka, lala. Uchovu na ukosefu wa mawazo hufanana sana saa 11 alfajiri. Vinatofautishwa na usingizi wa siku mbili.

Mawazo nayo huletwa na sikio. Nunua daftari dogo la mfukoni, na kila siku lipe mistari 5 uliyoisikia: kwenye kosta ya Tukuyu, Mwanjelwa kwenye mbogamboga, foleni ya zahanati. Usiandike habari za watu, andika namna wanavyoomba. Anayedai deni huanza na hali ya watoto. Anayetaka kukopa husifia nyumba. Anayekuja kuvunja uchumba anakataa chai. Yaandike ndani ya saa moja, kwa sababu ikifika jioni utakuwa umeshayanyoosha sarufi, na uzuri wake ulikuwa kwenye kupinda. Siri ya jirani, hata ikiwa tamu namna gani, usiipandishe jukwaani ikiwa na sura yake. Badilisha kijiji, jinsia, kiasi cha fedha, na mwaka. Bakiza namna ya kuomba.

Kuhusu Mkwawa. Naelewa kwa nini anakuvuta. Ukikwama kwenye jambo dogo, jambo kubwa linaonekana limejiandika: ushindi wa Wahehe wake dhidi ya Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kuanguka kwa ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894, kifo chake Julai 1898, fuvu kurudishwa 1954. Lakini hizo ni tarehe, na tarehe haina haja. Utaandika maonyesho 10 ya watu wakitangaziana habari za vita, kisha utakwama palepale ulipo leo. Ebrahim Hussein alipoandika tamthiliya ya "Kinjeketile", iliyotoka 1969, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vimefunika kusini nzima, naye akamweka katikati mtu mmoja na maji yake yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na mzigo wa kuaminiwa kuliko unavyojiamini. Mkwawa akikuita siku moja, mwendee kwa njia hiyo. Baada ya Kalenga kuanguka alikaa porini karibu miaka minne, na Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayempata. Weka nyumba moja, usiku mmoja, mtu amebisha hodi kuomba chakula cha kupeleka porini. Mume anazijua zile rupia. Mke ameshachota unga. Huo ni mchezo, na Mkwawa mwenyewe si lazima aonekane. Ila kwanza malizia miti. Anayehama kila anapokwama hufika mwaka wa tano akiwa na mianzo mizuri 10.

Jambo lingine nililoliona kwenye mpango wako ni ngoma tatu, na zote zimewekwa mahali ambapo onyesho limekosa nguvu. Ngoma ni uti wa jukwaa letu, naipenda, na ndiyo maana nakuomba usiitumie kuziba pengo. Kabla ya kuiweka jiulize: nani ameingia na uamuzi gani, na ngoma ikiisha uamuzi huo umegeukaje? Kama hakuna kilichogeuka, iondoe. Ya kwenye kikao cha ukoo ibaki, maana wazee wanapoanza kuimba ndipo baba anapojua kwamba amebaki peke yake.

Onyesho likikamilika, usilisome wewe. Utaongeza sauti na macho ambayo hayako kwenye karatasi, na utajidanganya. Waalike watu 4, wape nakala, nunua soda na maandazi, kaa pembeni na kalamu, usieleze chochote. Weka alama ya kwanza msomaji anapojikwaa, ya pili wanapofunua ukurasa wa mbele kuona umebaki kiasi gani, ya tatu wanapocheka au kunyamaza ghafla. Penye kujikwaa utakuta mara nyingi ni "ambaye" na "ambacho". Mtu akiongea husema "mtu aliyekuja jana", hasemi "mtu ambaye alikuja jana". Utakuta pia mistari mirefu kuliko pumzi moja; zaidi ya maneno 15, mwigizaji huanza kutafuta hewa badala ya maana. Penye kufunua ukurasa, kata. Usirekebishe, kata, kisha wasome tena uone kama kuna aliyeuliza kimeenda wapi. Muda upime kwa simu siku hiyo hiyo. Onyesho likivuka dakika 10 bila mtu mpya kuingia au habari mpya kufika, limerefuka.

Fikiria na ukumbi. Kwetu utachezea shule au parokia, chini ya mabati. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili zikishuka juu ya bati, hakuna sauti inayopenya, na ule mnong'ono wa mama na binti katika mpango wako utazama wote. Panga kucheza kati ya Juni na Oktoba, mchana saa 8, au uandike mnong'ono huo uwe jambo linaloonekana. Mimi ningechagua la pili: binti anachukua bakuli la maji na sabuni, anamletea mama, na mama anaweka mikono nyuma.

Kesho alfajiri usiliguse onyesho la kwanza. Fungua ukurasa mpya, ruka hadi kikao cha ukoo unachokiogopa, na uanzie hapo kwenye bakuli la maji. Kaunta mbili na kalamu nimezifunga ndani ya mfuko wa maharage, zimepakiwa kwenye basi la asubuhi. Zichukue stendi jioni, namba ya kondakta nimekutumia kwenye simu. Onyesho hilo likifika majibizano 100, nitumie kama lilivyo, bila kulifuta.

Mama yako