Uliza Shangazi: Ukuti wameuacha, disko bado

SWALI: Shangazi, shikamoo. Binti yangu yuko darasa la sita, anatimiza miaka 12 Jumamosi moja ya Julai. Anataka kualika wenzake 15, wasichana kwa wavulana. Mwaka jana tulikodi spika, watoto wakajibana ukutani, hakuna aliyecheza, mwisho wakaanza kugombea simu ya baba yao. Tuna uwanja wa nyuma wenye vumbi, hela si nyingi, na mtoto mmoja kati yao ana pumu. Niwaandalie michezo gani?
Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha darasa la tano na la sita hapa Iringa kwa miaka mingi, na huko kujibana ukutani nakujua vizuri. Mtoto wa miaka 12 ukimwita katikati acheze muziki huku mama wadogo na wajomba wamemkodolea macho, unamtia aibu. Kucheza anataka sana. Kutazamwa ndiko asikokutaka.

Kwa hiyo mchezo uanze wakiwa wanaingia getini, kabla hawajapata viti. Mimi ningeanza na rede. Soksi kuukuu uijaze matambara, uishone mdomo, huo ndio mpira. Hauumizi hata ukimpata mtu mgongoni. Warushaji wawili wasimame huku na huku, wengine wawe katikati, na chupa tupu ya maji iwe chini karibu na fungu la mchanga. Walio katikati wanakwepa mpira huku wakijaza mchanga kwenye chupa. Kila mtaa una sheria zake za rede, waache wabishane kidogo wakubaliane. Sheria yako iwe moja tu: aliyepigwa haendi kukaa, anakwenda kurusha, na aliyekuwa anarusha anaingia katikati.

Sheria hiyo naing'ang'ania kwa sababu. Sherehe ya mwanangu niliweka ule mchezo wa kugombania viti, muziki ukizimwa mmoja anakosa. Msichana mmoja alitoka raundi ya kwanza kabisa. Akaenda kukaa pembeni na soda yake, akawa anabandua karatasi ya chupa kwa kucha, kipande kwa kipande, mpaka chupa ikabaki nyeupe, na wenzake bado wanazunguka viti. Sijauweka tena mchezo huo, na wewe nakuomba usiuweke.

Kombolela ni nzuri kwa sababu hiyohiyo. Waliokamatwa hata wakiwa kumi, mmoja aliyejificha akichomoka na kulipiga kopo teke, wote wako huru. Utasikia kelele zake mpaka barabarani.

Makundi usiwaache wachaguane. Darasani nimeona mara nyingi: manahodha wawili wanaita majina, na yuleyule wa jana ndiye anabaki wa mwisho leo, anajifanya anafunga kamba za viatu. Kata vikaratasi, nusu vyekundu nusu vya bluu, vitie kwenye kofia, kila mtu achomoe chake.

Wakichoka kukimbia, wape hazina ya kutafuta kwa vitendawili. Binti yako na rafiki yake mmoja waiandae usiku wa kuamkia sherehe, wewe usiingilie. Karatasi ya kwanza iseme "Nyumba yangu haina mlango": jibu ni yai, basi wakimbilie banda la kuku, na huko wakute karatasi ya pili. Ya pili ielekeze kwenye mafiga, ya tatu kwenye ndoo ya maji, na kuendelea. Vitano au sita vinatosha. Zawadi iwe ya kugawana, mfuko wa karanga au pipi za kutosha wote. Vitendawili vya kujitungia wenyewe juu ya walimu wao ndivyo watakavyovipenda zaidi. Wavisome tu wewe ukiwa karibu.

Sasa hali ya hewa. Julai kwenu baridi inauma jua likishaegemea, na upepo unainua vumbi. Waalike saa 7 mchana, kukimbia kuishe saa 10, halafu waingie ndani kwa chai ya tangawizi, viazi vya kukaanga na keki. Uwanja umwagie maji asubuhi, na tena kidogo kabla hawajafika.

Huyo mwenye pumu usimtengee kiti. Vumbi, baridi na kukimbia sana ndivyo vinavyoweza kumbana kifua, kwa hiyo zungumza na mama yake mapema, akueleze mwanawe anaweza nini na akibanwa ufanye nini. Mara nyingi watoto hawa wanacheza vizuri wakipumzika katikati, na mtu akipumzika anaweza kuwa mwamuzi wa rede. Siku yenyewe hakikisha dawa yake ya kuvuta ameiweka mfukoni mwake, si kwenye begi lililofungiwa chumbani.