Kwa mnaoanza kuzungusha wageni katikati ya Dar

Kila mwaka naletewa vijana wawili watatu wanifuate nyuma wajifunze kazi. Wengi wametoka vyuo vya utalii na wanawajua ndege wa Mikumi kuliko mimi, lakini wakisimama Mtaa wa Samora mbele ya watu kumi, ulimi unakauka. Wanaishia kufanya nilichokuwa nafanya mimi: wanameza miaka, wanaitapika. Mnaotaka matembezi ya historia, ukoloni na utumwa na kudai uhuru, ndio hasa ninaosema nao, maana huko ndiko nilikovuruga.

Nilianza 2004. Siku moja nilikuwa na kundi mchanganyiko: Wazungu kadhaa na familia moja ya kutoka Tanga, wamekuja na mzee wao, kanzu nyeupe na bakora. Tukasimama Boma la Kale, lile jengo la tangu enzi za Sultani Majid, nami nikatangaza kwa sauti ya redioni kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa Unguja likafungwa, watumwa wakawa huru. Mzee hakusema neno. Tulipofika kivulini akanishika kiwiko, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, huo mwaka unaousema mama yangu hajazaliwa. Na alipozaliwa, alizaliwa mjakazi."

Nikabaki natazama chini. Akaongeza taratibu, "Lakini hao usiwaambie." Akarudi kwa wajukuu zake.

Usiku ule nilisoma upya, na ninyi someni kabla hamjaaibika. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la Unguja na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Kummiliki mtu kuliendelea. Unguja na Pemba amri ya kufuta utumwa ilitoka 1897. Huku kwetu bara Wajerumani, waliojinadi kuwa wamekuja kukomesha utumwa, hawakuufuta. Walitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, kisha 1904 wakaweka amri kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Aliyezaliwa kabla, shauri yake. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja 1922, Waingereza wakiwa wameshachukua nchi. Kutoka hapo hadi bendera yetu kupanda, tarehe 9 Desemba 1961, ni miaka 39 tu.

Hebu lifikirieni neno lenyewe. Uhuru, kabla ya kuwa bendera na mwenge na jina la barabara, lilikuwa karatasi ambayo mtu mmoja alikabidhiwa mkononi. TANU walipolinadi viwanjani miaka ya hamsini, wapo wazee waliokuwa wamelisikia zamani likihusu shingo zao wenyewe. Hili mimi huwaeleza wageni taratibu, nikisharidhika kwamba wametulia.

Na agizo la mzee nimelishika mpaka leo. Kwa watu wa pwani asili ya utumwa ni jambo la ndani. Neno "mzalia", yaani aliyezaliwa na watumwa, au "mtwana", mtumwa wa kiume, linaweza kuvunja posa. Usimgeukie kamwe mwenyeji aliyepita njia ukamuuliza mbele ya kamera kama babu zake walikuwa watumwa. Nimemwona kijana mmoja akifanya hivyo, akidhani ananogesha matembezi. Aliyeulizwa aliondoka bila kuaga.

Sasa sanamu la Askari. Hapo ndipo kila mtu anaanzia, na hapo ndipo uongo mwingi unapotoka. Nimeshasikia mwongozaji akiwaambia watoto wa shule kuwa yule ni shujaa wa Majimaji. Siyo. Ni ukumbusho uliowekwa na Waingereza mwaka 1927 kwa Waafrika waliowatumikia kwenye vita vya 1914 hadi 1918. Kabla yake, eneo hilohilo lilikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoingia mjini 1916 wakaling'oa. Likaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaja kuliangusha mwaka 1968. Wageni wa Kijerumani wakisikia hiyo sehemu huacha kupiga picha.

Ushauri wangu: mkifika pale msianze kuongea. Wapeni watu dakika tano walizunguke wenyewe, wasome. Kuna Kiswahili cha herufi za kirumi na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, jambo ambalo hata wenzetu wa mjini wanaolipita kila siku kwenda Posta hawajaliona. Halafu waulizeni nani ametajwa mbali na askari. Atakayejibu "wapagazi" ndiye mnayemtafuta. Maandishi yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Hawa walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga mahali ambapo magari hayapiti na ng'ombe wanauawa na mbung'o. Njaa na kuhara viliwamaliza kwa makumi ya maelfu, kuliko risasi.

Mengine nayapitia haraka. Majimaji, 1905 hadi 1907: mkitaja idadi ya waliokufa elezeni imetoka wapi. Wajerumani wenyewe walihesabu kama 75,000; wanahistoria wengine wamefikia 250,000 hadi 300,000, na tofauti hiyo kubwa ni njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Mgeni akiwauliza "ipi ni sahihi", msikimbilie ile inayotoa machozi.

Bagamoyo: mtasikia kwamba jina linatokana na mtumwa kubwaga moyo akikata tamaa. Wapo wanaosema ni mpagazi aliyefika pwani kutoka bara, akatua pembe za ndovu na kushusha pumzi. Semeni zote mbili. Mimi naegemea ya pili, lakini sikuwepo.

Wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika wanastahili siku yao peke yake. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa hapahapa Dar tarehe 25 Juni 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa Oysterbay tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Msiende kugonga mageti ya watu huko Oysterbay. Simulieni mkiwa Mtaa wa Samora, inatosha. Jina la mtaa litawasaidia, maana ni la Samora Machel, aliyekuja kuiongoza FRELIMO baada ya Mondlane.

Mambo ya kazi: anzeni saa moja asubuhi, saa nne jua la Kivukoni halina huruma. Ikulu haipigwi picha, hata akiwaomba profesa. Maji ya kunywa bebeni ninyi, msimtegemee mgeni.

Na msimalizie Kivukoni kama vitabu vya utalii vinavyotaka. Panda nao mpaka Kariakoo. Wapagazi wa vita vile walikuwa na kambi yao huko, na kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikafanya iliyofanya. Mimi silisemi hilo mapema. Nawaingiza Mtaa wa Kongo kwenye msongamano, nawaacha wasukumwe kidogo, mpaka aje kijana na robota la mitumba kichwani, jasho linamtiririka shingoni, anapiga kelele "Mzigo! Pisha mzigo!" Wote wanabanana ukutani kumpisha. Akishapita, ndipo nawaambia jina la mahali linatoka wapi.