Ifuate petroli kwanza, kabureta baadaye

Mwisho wa Mei, mvua za masika zikianza kukatika na hoteli zikijitayarisha kufungua, gereji za Paje, Jambiani na Nungwi hapa Unguja hujaa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, zisizowaka. Zimelala miezi miwili chini ya makuti na petroli yake ndani, na mwenyewe anazitaka kesho asubuhi. Kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita anashika spana na kuikimbilia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mwanangu, nakuomba uiache kwanza.

Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliifungua kabureta moja mara tatu bila sababu. Ilikuwa kwadi kuukuu, imeshapita mikono mingi. Inawaka vizuri, inakwenda dakika kumi, kisha inakohoa na kuzima. Ukiiacha robo saa inawaka tena kama kwamba haikuwa na tatizo. Mara ya tatu niko njiani kuelekea Makunduchi, nikafungua mfuniko wa tangi kutazama kama petroli ipo. Ikatoa sauti, fyuuu, kama unapofungua soda. Nikapiga stata, ikawaka pale pale.

Mfuniko ule una kijipira chembamba cha kupumulia ambacho ncha yake huchomekwa kwenye bomba la usukani. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Nilipoichokonoa ncha ile kikatoka kidonge cha udongo mkavu, hakizidi punje ya mchele. Petroli ikitoka tangini lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa ikikosa njia, tangi linaivuta petroli lisiiachie, bakuli la kabureta, mnamokaa petroli, linakauka, injini inazima. Ukisubiri, hewa kidogo hupenya na petroli hushuka tena. Kabureta ilikuwa safi siku zote, na mimi kwa kuifunguafungua nikaipasua gasketi ya bakuli. Mwenye kwadi akalipia gasketi ambayo hakuwa na haja nayo, na jambo lile linanikera mpaka leo.

Kwa hiyo ifuate petroli kutoka inakoanzia. Ila kabla ya hapo itazame plagi. Piga stata mara kadhaa, kisha ichomoe. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, na shida yako ni moto wa plagi, yaani cheche, au petroli inayozidi. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, mchanganyiko umejaa petroli kuliko hewa, basi angalia na ea klina, yaani chujio la hewa, maana vumbi letu jeupe la mawe ya matumbawe huiziba upesi.

Plagi ikiwa kavu, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa ya kioo, ufungue koki. Petroli inatakiwa itiririke mfululizo. Ikidondoka tone tone, kuna kizuizi juu: chujio la ndani ya tangi, kutu, au mpira wenyewe. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje na ndani umevimba hadi umejiziba. Nimeshakuta pia kwadi iliyofungwa mpira wa dripu badala ya mpira wa petroli. Ule petroli huukausha, ukawa mgumu kama kijiti na kupasuka kwenye maungio, tena juu ya injini ya moto.

Hapa wengi hudanganyika. Baadhi ya kwadi zina koki inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini. Injini ikiwa imezima, koki hiyo haitoi hata tone, na hapo haijaharibika. Utaitambua kwa mpira wa pili mwembamba unaotoka kwenye koki kwenda kwenye shingo ya injini, pale kabureta inapoungana na injini. Nunua bomba la sindano duka la dawa, lichomeke kwenye mpira ule mwembamba uvute. Petroli ikitiririka, koki ni nzima. Ukivuta na mvuto haukai, mpira umepasuka au ngozi ya ndani ya koki imetoboka. Ngozi ikitoboka, petroli huweza kunyonywa moja kwa moja kwenda kwenye injini kwa njia ile, na plagi utaikuta imelowa.

Petroli ikifika vizuri, sasa njoo kwenye kabureta, lakini anza na skrubu ya kumwagia chini ya bakuli. Mwaga ndani ya chupa, uiache itulie, uinyanyue kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama shanga. Kwetu, kwa unyevu wa bahari na petroli inayouzwa kwenye chupa na madumu, maji ni jambo la kawaida. Ukiyaona, safisha na tangi pia, la sivyo mwenye kwadi atarudi kwako wiki ijayo.

Kwadi iliyolala masika mara nyingi inawaka kwa choki tu, ile inayopunguza hewa wakati wa kuwasha, ukirudisha choki inazima, haikai silensa, yaani haiungurumi yenyewe bila kupewa mafuta. Hiyo ni jeti ndogo imeziba, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta. Petroli iliyokauka huacha gundi ya rangi ya asali, na tundu la jeti ile kwa kawaida halifiki nusu milimita. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pulizia upepo wa kompresa, itazame dhidi ya jua mpaka uone duara kamili la mwanga. Usitie waya wa chuma. Jeti ni ya shaba, laini, ukiikwangua tundu linapanuka na kwadi itakula petroli maisha yake yote.

Kuna hali ya kinyume: petroli inachuruzika wakati kwadi imesimama. Ni sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, haikai sawa, kwa uchafu au imelika. Usiiwashe kabla hujachomoa kijiti cha oili na kukinusa. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, mwaga yote. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma, na injini nzima inaweza kufa kwa sindano isiyozidi ukucha.

Kwadi za injekta, zisizo na kabureta, ni kazi nyengine. Washa switi usikilize pampu ivume sekunde mbili tatu, na isipovuma anza na fyuzi.

Kazi hii yote ifanyie nje, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito, hutambaa chini, na jiko la mkaa la jirani muuza urojo liko hatua chache tu. Mwombe alisogeze, au sogea wewe.

Ukimaliza, usimpigie simu mwenyewe kwa sababu tu imewaka. Funga mfuniko wa tangi barabara, panda, nenda nayo dakika ishirini bila kusimama. Ile ya nyigu isingejulikana kwa dakika tano.