Re: Mariners leo mikimbio 9, kesho kapa. Mchujo wataufika?

Mkuu, malalamiko yako nimeyaelewa: Seattle Mariners, timu ya besiboli ya Marekani, leo wanapata mikimbio (alama) 9, halafu siku mbili mfululizo wanatoka kapa, na wachangiaji wengine wameshahukumu kwamba timu ya hivyo haifiki mchujo, yaani mtoano wa baada ya msimu. Kupanda na kushuka peke yake hakusemi kitu. Timu ya ligi kuu ya Marekani hupata wastani wa mikimbio 4 na ushei kwa mechi, na wastani huo unatokana na mechi nyingi za 2 na 3 pamoja na chache za 9 au 11. Hata mabingwa hutoka kapa mara kadhaa ndani ya mechi 162 za msimu. Hesabu ni mechi ngapi wamefikisha mikimbio 4, maana hapo ndipo ushindi huanza kuwaegemea. Mkimbio wa 10 ni mapambo tu.

Ugonjwa wa Seattle wa siku nyingi ni straikauti, yaani mpigaji kutolewa baada ya kushindwa kuupiga mpira mara tatu. Mwaka 2024 walikula 1,625, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi, na hapo walikuwa na warushaji wa kutisha. Juni 18 waliongoza kundi kwa mechi 10. Julai haijaisha, uongozi wote umeyeyuka. Agosti kocha Scott Servais akafukuzwa, akaingia Dan Wilson, na Edgar Martínez akapewa kuwafundisha wapigaji. Walimaliza na ushindi 85. Tigers na Royals waliingia mchujo kwa 86.

Lakini msihesabu kila straikauti. Besi (vituo anavyopitia mkimbiaji hadi arudi nyumbani na kupata mkimbio) zikiwa tupu, straikauti na mpira uliodakwa ni auti ile ile: mtu mmoja katolewa, na auti tatu humaliza zamu. Mtu akiwa besi ya kwanza, straikauti ni nafuu kuliko mpira wa chini unaoleta auti mbili kwa mpigo. Inayoua ni hii: mtu yuko besi ya tatu, auti 1. Mpira wa juu unaofika mbali unatosha kumleta nyumbani hata ukidakwa, na mara nyingi hata wa chini wa polepole. Katika hali hiyo timu hupata mkimbio karibu mara 2 kati ya 3. Mpigaji akila straikauti, jamaa anabaki pale pale, auti zimekuwa 2, na sasa lazima ipatikane hiti, yaani mpira unaopigwa na kumfikisha mpigaji besi salama. Fungua rekodi ya mechi, hesabu hizo tu, utaona mikimbio ya Mariners inapotelea wapi.

Pia uwanja wao wa nyumbani, T-Mobile Park, ni mgumu. Hewa ya baridi ya pwani ile inazima mipira iliyopigwa sawasawa, ikadakwa mbele ya ukuta. Kwa hiyo linganisha nyumbani na ugenini kabla ya kudai kocha wa wapigaji afukuzwe.

Na wanaotaka banti (kuugusa mpira kidogo ili mwenzako asogee besi moja, wewe ukitolewa) kila mtu akifika besi ya kwanza, tulieni. Mtu besi ya kwanza bila auti, timu hutarajia mikimbio kama 0.9 kwenye inningi hiyo, yaani zamu hiyo ya kupiga. Mtu besi ya pili na auti 1, inashuka hadi 0.7 hivi. Mmenunua besi moja kwa hasara.

Hesabu ya mchujo, fanyeni wenyewe, ni kanuni ya Bill James, mtakwimu wa besiboli: mikimbio mliyopata ijizidishe yenyewe, gawanya kwa jumla ya hiyo na ya mliyofungwa iliyojizidisha vilevile. Mfano, baada ya mechi 81 timu imepata 380, imefungwa 340: 144,400 gawanya kwa 260,000 ni 0.555. Zidisha kwa mechi 81 zilizobaki, unapata 45. Kama tayari mna 42, mnaelekea 87. Kanuni inaweza kudanganya kwa msimu mmoja: 2021 Mariners walipata 697, wakafungwa 748, kanuni ikawapa ushindi 75 hivi, wao wakashinda 90 kwa kubahatisha mechi za mkimbio mmoja. Na bado hawakuingia!

Tangu timu za mchujo ziwe 6 kila upande wa ligi mwaka 2022, hadi 2025 ya mwisho kuingia upande wa American League, walipo Mariners, ilikuwa na ushindi 86, 89, 86 na 87. Lengeni 88. Mkilingana ushindi na timu nyingine hakuna tena mechi ya ziada, yanaangaliwa matokeo ya ana kwa ana. Mets 2025 walilingana na Reds kwa 83 wakabaki nje hivyo hivyo.

Mkiingia, chochote kinawezekana: Diamondbacks 2023 walifika fainali na ushindi 84. Mariners wenyewe 2025, Cal Raleigh akiwa na homurani (mipira inayopigwa ikavuka uzio) 60 na Josh Naylor, mtu asiyekula straikauti ovyo, akiwa ameongezwa katikati ya msimu, walichukua kundi kwa 90 na kufika mechi ya 7 ya fainali ya American League dhidi ya Toronto. Kwa hiyo mkiniuliza wamsajili nani Julai, jibu langu ni mpigaji wa aina ya Naylor, na homurani muachieni Raleigh.