Uji wa sembe peke yake haumtoshi

Pole dada. Mtoto wa mwaka na nusu kutopitisha mwezi bila homa na kikohozi kunachosha, naelewa. Ila huo uji wa sembe unaompa asubuhi na jioni unashibisha tu; kinga ya mwili inataka protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A. Wangu nilimsagia dagaa wakavu, kijiko kimoja kwenye bakuli la uji, na mchicha wenye mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili hauipokei vizuri vitamini A. Papai pia. Ziwa usimwachishe bado. Kliniki waulizie matone ya vitamini A, hutolewa kila miezi 6. Akivimba miguu au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.