Nitoe haidroliki kwenye Lexus?

SWALI: Mambo, LX470 yangu nyuma imelala kama imebeba simenti, fundi anasema tung'oe haidroliki (ule mfumo wa mafuta unaoinua na kushusha gari) tuweke springi na shokapu za kawaida, nikubali?

JIBU: Poa kaka, usikimbilie kung'oa. Inua gari kwa swichi yake hadi juu kabisa halafu lishushe huku unachungulia kopo la mafuta ya haidroliki, yakipanda kidogo tu basi zile tufe za gesi (vibuyu vya chuma vinavyolainisha mwendo) ndo zimekufa, badili hizo. Ukiamua kung'oa, shokapu peke yake hazitoshi, springi zake ni laini kwa sababu mafuta yenye presha yanabeba sehemu ya uzito, kwa hiyo weka springi nzito nyuma na toshenibaa nene mbele, yaani zile nondo zinazojipinda badala ya springi (hapo ndo mafundi wengi wanaruka). Na fundi atoe presha kabla ya kufungua paipu, mafuta yasije yakamrukia machoni.